Ni Mimi Niliyemwambia Masika

Ni mimi. Baba yake aliniuliza, nikakana. Daktari mkuu aliniuliza mbele ya kamati nzima ya hospitali, nikakana huku nikinywa chai yao. Sœur Anastasie, mtawa aliyenifundisha kazi, aliniuliza, nikakana nikimtazama machoni, jambo ambalo sikuwahi kuona mtu akifaulu kulifanya hapa Butembo. Sasa nimestaafu. Magoti yangu yaliniomba hivyo kabla serikali haijaniomba. Masika mwenyewe, ambaye leo ni mwanamke mwenye kazi yake na maneno mengi, amenipa ruhusa, akiniita bado kwa kifupi cha Kifaransa cha mwanasaikolojia: "Mama Psy, andika. Bale benye walikuwa na hasira walishachoka." Basi naandika. Aliyemwambia Masika kwamba bibi yake amekufa ni mimi, na asubuhi ile ikirudi nitamwambia tena, na mapema zaidi.

Ninawaandikia ninyi mnaochukua chumba chetu, kile kilicho katikati ya dobi na wapiga plasta. Vyeo nitaviacha kwa sababu vilikuwa vichache, na mshahara nitauacha kwa sababu nao ulikuwa na tabia ya kutuacha.

Nilirudi Butembo kutoka chuo kikuu, Kisangani, nikiwa na shahada ya saikolojia, viatu vya visigino, na imani kwamba watu wakipangiwa viti kwa duara watafungua mioyo. Viatu vilikufa wiki ya kwanza, kwenye mteremko wa sokoni, mvua ikinyesha. Imani ilichukua muda zaidi. Sœur Anastasie, mkuu wa huduma yetu, alinipokea bila kuinuka. Alikuwa anafuma sweta. Alifuma siku zote, hata mgonjwa akiwa mbele yake, na sindano zake zilisimama pale tu mtu aliposema uongo. Siku yangu ya kwanza alimsikiliza mjane mmoja kwa saa nzima huku mimi nikitoa maelezo, mifano, na nadharia mbili za Kifaransa. Mjane alipoondoka, Sœur akasema:

"Kisangani balikufundisha kusema muzuri sana."

"Asante, ma Sœur."

"Sasa kesho ukuje ukalie mikono yako."

Nilidhani ni msemo. Kesho yake alisubiri mpaka nikaweka viganja chini ya mapaja, kisha akamwita mgonjwa wa kwanza. Mtu aliyekalia mikono yake hawezi kusema sana, sijui kwa nini. Jaribuni.

Miaka ilipita hivyo, na waliofiwa, na waliokimbia vijiji vya Beni wakiwa na godoro moja kichwani, na wakati wa Ebola, tulipojifunza kufariji watu kutoka upande wa pili wa kamba. Kisha daktari wa mifupa akatuletea vijana wake.

Alikuwa ameona watoto walewale wakirudi na mivunjiko mipya. Mmoja alivunjika paja akishuka kitandani. Majirani walisema wazazi wanapiga, au mtoto ni mchawi, kutegemea jirani anasali wapi. Ukweli ni kwamba walizaliwa na ugonjwa ambao jina lake la kidaktari ni refu kuliko watoto wenyewe, na ambao kwa Kifaransa watu huuita ugonjwa wa mifupa ya kioo. Mwili hautengenezi vizuri ule uzi unaoushika mfupa pamoja. Wakati mwingine mzazi anao, wakati mwingine ukoo mzima hauna, na mtoto anaanza nao peke yake. Wengi wao weupe wa macho yao una rangi ya buluu hafifu, kama shati lililofuliwa mara nyingi. Ni ugonjwa adimu. Tulitafuta Butembo na Beni, tukashuka hadi Kayna na Kanyabayonga, na vijana wote tuliowapata walitosha chumba kimoja, viti vikabaki.

Neno hilo la kioo silipendi na sitalipenda. Kioo hakina hasira. Kioo hakimtamani mtoto wa jirani.

Barua ya daktari ilisema tuwafundishe utulivu. Hapo ndipo nilipocheka, kwa sababu sikuwahi kuona vijana watulivu namna ile. Walikaa kama samani. Nyumbani walikuwa wamekatazwa kucheka sana, kulia, kukasirika, hata kuimba kwa nguvu, kwa maana kila mtu aliamini kwamba mtoto akitikisika ndani atavunjika nje. Nikapanga viti kwa duara, nikauliza: mnajisikiaje?

"Bien, Mama. Tunashukuru Mungu," akasema Grâce, wa Kayna, miaka kumi na mitatu, mkono ukiwa kwenye plasta.

"Bien," akasema wa pili. "Bien," wa tatu. Ilizunguka duara lote kama sahani ya sadaka, na ikarudi tupu.

Aliyetuokoa ni Kakule, wa Kanyabayonga, kijana wa miaka kumi na mitano katika kiti cha magurudumu, ambaye hakuwahi kunyamaza kwa hiari.

"Mama Psy, weye uko nauliza vibaya. Mutu akikuuliza uko namna gani, unajibu bien, ni heshima. Uliza ni lita ngapi."

"Lita za nini?"

"Za hasira. Mudogo wangu anabebaka bidon ya maji ya lita makumi mbili, kila asubui anapita mbele yangu anasema, ona, mukubwa anabebewa maji na mudogo. Donc miye leo niko na lita kumi na mbili. Bado naweza kubeba. Ikijaa, namwangia mutu."

Grâce akainua kichwa. "Miye niko na kumi na nane," akasema polepole.

Tangu siku hiyo bidon ya njano, dumu tupu la maji, ilisimama katikati ya chumba. Msitumie mchoro wa nyuso zinazocheka na kununa ambao mtaletewa kwenye mafunzo. Tumieni bidon. Uliza ni lita ngapi, uliza nani amejaza, uliza utamwaga wapi bila kumlowesha asiyehusika. Usimwambie kijana bidon yake ni kubwa mno. Na wekeni mito. Nilimwomba mshonaji atutengenezee mito migumu ya mabaki ya vitenge, na kila kijana alijifunza kuukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili kabla ya kukohoa, kucheka au kulia, ili mbavu zishikiliwe. Wapiga plasta walituita chumba cha kulala. Tulikubali jina.

Tulifanya pia mazoezi ya kujibu matusi, maana njia ya kwenda shule imejaa watu wenye maoni. Kakule aliigiza shangazi wa sokoni, kitambaa cha dobi kichwani.

"Eh! Ule mutoto! Hapana kumugusa, atapasuka mu mikono yenu!"

Grâce alikumbatia mto wake, akapumua kama tulivyofundishana, akajibu: "Tantine, mukono yangu njo inavunjikaka. Masikio yangu mazima."

Shangazi Kakule alicheka mpaka nikamtupia mto wa pili.

Masika alikuja na baba yake. Alikuwa na miaka kumi na sita, mfupi, amejipinda kidogo upande, na alitazama chumba chetu kama mtu aliyeletwa kununua ng'ombe. Papa Masika alikuwa wakala wa forodha Kasindi, mpakani na Uganda. Wiki nzima alipigana na malori na mihuri, Jumamosi alirudi Butembo, Jumapili alikuwa shemasi kwa Wabaptisti. Alimbeba binti yake mgongoni kila mahali, pia pale ambapo angeweza kutembea na fimbo zake.

"Mama psychologue, huyu ni premier yangu," aliniambia. "Munifundishie yee asikasirike."

"Papa," Masika akasema juu ya bega lake, "nishushe kwanza, njo nitaona kama nakasirika."

Masika alilelewa miaka yake ya kwanza na mama wa baba yake, huko Beni. Bibi huyo, Mukaka kama tunavyomwita bibi kwa Kinande, naye aliitwa Masika, maana msichana wa kwanza kwetu ni Masika, na yeye alikuwa wa kwanza kwao. Ndiye mtu pekee aliyemwacha acheze kwenye vumbi. "Ukivunjika tutaunga," alimwambia. Masika alituhadithia habari za Mukaka kila wiki, mpaka Kakule akaanza kumwiga sauti bila kuwahi kumwona.

Asubuhi moja Mama Masika alinivuta nyuma ya kamba za dobi kabla ya kikao. Alizungumza kwa sauti ya chini katikati ya mashuka yaliyoanikwa.

"Mama Psy, Mukaka alikufaka. Wiki tatu sasa. Tulishazika. Masika hajui. Bakubwa ba famille balikaa, balisema asiambiwe mpaka amalize Examen d'État. Akilia, mbavu zitakwenda. Ninakuomba, hapana kumwambia."

Mnajua desturi yetu. Habari ya kifo haisemwi na yeyote tu. Wakubwa wa ukoo humchagua mtu, na yeye humwita mwenye kufiwa, humketisha, watu wakiwa karibu wa kumshika. Mgonjwa, mjamzito, mwanafunzi anayekaribia mtihani, hufichwa kwanza. Ni upendo, sikatai. Mimi pia nilifichwa kifo cha kaka yangu mpaka nilipomaliza mitihani Kisangani, na nilipoambiwa nilikuta watu wote wameshamaliza machozi, nikalia peke yangu kama mtu aliyechelewa harusi. Lakini siku ile, mashuka yakinipiga usoni, nilimjibu Mama Masika: "Nimesikia." Sikusema nimekubali. Naona mnatabasamu. Tabasamuni.

Masika aliingia, hakukaa. Alisimama na fimbo zake mbele ya bidon.

"Leo lita ngapi?" nikauliza.

"Inamwangika."

"Nani amejaza?"

"Bote. Nyumbani bote bamekuwa bapole. Mudogo wangu, ule mwizi, jana ameniachia nyama yake. Mama anacheka kila naingia. Napigia Mukaka simu, banasema réseau ya Beni mubaya. Wiki tatu! Kakule, weye ulipigia mutu wa Beni jana?"

"Nilipiga," Kakule akasema, kwa mara ya kwanza bila mzaha. "Ilipita."

Masika akanigeukia. "Mama Psy. Mukaka alikufa?"

Nilikuwa nimekalia mikono yangu. Sœur alikuwa amenifundisha kwamba mgonjwa akiuliza, unaweza kunyamaza, lakini mdomo wako usiseme uongo. Kunyamaza kungetosha, angeelewa, na mimi ningebaki safi. Niliona kwamba usafi huo ni wangu peke yangu na hautamsaidia chochote. Nikatoa mikono, nikasimama, nikamwambia: "Ndiyo, Masika. Alikufa. Wamemzika Beni."

Grâce ndiye aliyefika kwanza na mto. Wakamketisha, wakamzunguka, mmoja nyuma ya mgongo, mmoja kila upande, vijana ambao kila mmoja alikuwa na mfupa wake wa kuogopea. Kakule alisogeza kiti chake mpaka magurudumu yakagusa miguu yake. "Shika mto. Shika nguvu. Sasa lia," alimwambia. Na alilia. Sijawahi kusikia chumba chetu kikitoa sauti ile. Dobi aliacha kazi. Katikati ya kilio Masika alishika ubavu wake wa kushoto, akasema "aï," kisha akaendelea kulia.

Picha ya eksirei ilionyesha ufa mwembamba kwenye ubavu mmoja. Sitauficha, kwa sababu watakaokuja kuwaambia mniige au msiniige wataanzia hapo. Mpiga plasta alimfunga huku akinitazama vibaya, akamwambia, "Ona sasa, juu ya kulia." Masika akamjibu kwa pumzi fupi fupi:

"Nilishavunjikaka juu ya kupiga chafya. Ubavu moja njo nitanyima Mukaka?"

Papa Masika alipanda kutoka Kasindi siku ileile kwa lori la mizigo. Aliingia chumbani na vumbi la njia nzima kwenye koti. Vijana wote walikuwapo, hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

"Nani alimwambia?"

Kakule akawahi: "Papa, ni réseau ya Beni. Ilirudi."

"Weye kijana, niko nauliza batu bakubwa. Mama psychologue?"

"Sijui, Papa Masika," nikasema. Kwenye kona sindano za Sœur Anastasie, aliyekuwa amekuja kusikiliza, zikasimama. Nilikana kwa woga, ndiyo, lakini si woga wa kupoteza kazi. Daktari mkuu alikuwa ameshasema kwamba akijulikana mtu wa huduma yetu, kundi litafungwa, na vijana hawa wangerudi kuwa samani.

"Bakubwa ba Beni batauliza," Papa Masika akasema. "Balikataza. Mwenye ametangaza kilio bila ruhusa yabo, kwetu ni faini. Na kundi hili lenu..."

"Papa," Masika akamkatiza. Alikuwa amekaa na mto, uso umevimba. "Hapana kugombana na Mama Psy. Niko na maneno mbili. Ya kwanza, ninakwenda Beni. Siku ya kuondoa matanga banyoleshe nywele yangu pamoja na bengine. Niko Masika wake."

"Ile barabara? Na mashimo yale? Na usalama ule? Na nikikupeleka, bataniuliza ulijuaje. Hapana."

"Ya pili. Weye ulilia wapi?"

Baba yake alianza kupangusa vumbi la koti.

"Mukaka ni mama yako, Papa. Wiki tatu unakuja nyumbani Jumamosi unachekesha batoto. Ulilia wapi?"

Alitazama bidon ya njano kana kwamba ndiyo iliyouliza. Mtu mrefu, shemasi, ambaye malori yote ya mpakani yalimheshimu. Alivua kofia.

"Kasindi," akasema. "Nyuma ya camions. Mu saa ya kula, madereva bakienda."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Grâce alinyanyuka na mkono wake wa plasta, akamsogezea kiti. Alikaa kidogo tu, kwenye ukingo. Hakulia, na hakuna aliyemwambia alie. Lakini alipoondoka hakumbeba binti yake. Alitembea kando yake, kwa mwendo wa fimbo zake, na safari ya kufika getini ilikuwa ndefu sana.

Kisha tukasubiri. Kamati ilisimamisha kundi mpaka ukweli ujulikane. Daktari mkuu aliniuliza, mkaona nilivyonywa chai. Papa Masika alikwenda Beni kukaa na wakubwa wa ukoo, na hatukujua anapeleka nini, mashtaka au ombi. Masika alinitumia ujumbe mmoja tu: wakikataa atapanda pikipiki kwenda Beni. Nilimwandikia kwamba pikipiki ni wazimu. Alijibu kwamba anajua. Sœur naye aliniuliza, faraghani, kama ni mimi. "Hapana, ma Sœur." Aliangalia sindano zake zilizosimama, akaziinua taratibu, akasema, "Haya. Fumba mudomo hivyohivyo," akaendelea na sweta.

Simu ilinikuta sokoni Jumamosi, nikichagua viazi.

"Mama Psy."

"Papa Masika."

"Hapana kukata. Tulikaa na bakubwa jana. Baliniuliza nani aliambia mutoto."

Niliacha viazi. Muuzaji akadhani sitaki bei, akaanza kuipunguza.

"Niliwaambia ni miye," akasema. "Nilisema miye baba yake nilimuketisha, nikamwambia, akalia, nikamushika."

"Papa Masika..."

"Ngoja. Nilidanganya, ni bongo, najua. Miye shemasi. Lakini ilikuwa kazi yangu na sikuifanyaka, basi angalau niibebe. Balikasirika, balitaka mbuzi, nimetoa mbuzi. Daktari mukuu nimemupigia asubui, nimemwambia vilevile, chumba chenu kifunguliwe. Sasa wakikuuliza, weye unajua nini?"

"Sijui kitu."

"Njo vile. Endelea." Akavuta pumzi. "Kesho tunakwenda, miye na Masika. Nimepata gari ya muzuri, dereva nimemwambia aende polepole. Wembe ya kumunyoa nimenunua mupya. Lakini Mama Psy, nilitaka kukuuliza, kule Beni, mbele ya batu bote, akianza tena kulia vile, nimuache ao..."

Nilikuwa natafuta jibu la kitaalamu. Nina shahada. Nyuma yake nikasikia fimbo zikigonga sakafu, zikija haraka kuliko inavyoshauriwa, na sauti ya binti yake karibu kabisa na simu:

"Papa, unaomba nani ruhusa? Ni Mukaka wangu. Nitalia mpaka nichoke, na weye pia utalia!"

Kisha simu ikakatika. Nadhani ni yeye aliyeikata.